Habari kwa Sikio la Kushoto

Mimi sina subira, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Mama anasema nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na mpaka leo haraka haijaniisha. Sasa mtu wa namna hiyo umkalishe kwenye benchi nje ya studio ya redio yetu ya hapa Babati, kompyuta mapajani, anasubiri kuitwa kusoma taarifa ya habari ya saa saba mchana, moja kwa moja, mkoa mzima ukisikiliza! Nilikuwa nafungua na kufunga kompyuta bila sababu. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele na woga wa kutaka kukimbia, vyote kwa pamoja, na nikavishikilia vyote.

Naitwa Vailet, kwetu ni Singe. Macho yangu yalizimika nikiwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Presha ya macho, walisema hospitali, na wakasema tumechelewa. Leo naona mwanga wa dirisha, basi. Nikarudi nyumbani kwa mama yangu, Gaudiosa, mwanamke aliyeteremka kutoka Mbulu na jembe lake, haogopi fahali wala mwenyekiti wa mtaa. Mwanamke huyo huyo akaanza kuniogopea mimi. Nikisimama tu: "Unakwenda wapi?" Nikishika kisu: "Lete hapa!" Wageni wakiuliza habari zangu, anajibu yeye, tena kwa sauti ya kanisani: "Vailet anapumzika." Jamani, miaka yote hiyo napumzika! Nilichoka kupumzika kuliko watu wanavyochoka kulima. Kazi pekee niliyoachiwa ni kuchambua mbaazi, na hata hizo alikuwa anazirudia nikishamaliza.

Kilichonitoa kwenye ungo wa mbaazi ni kompyuta. Chama cha wasioona kilinipeleka Arusha kwenye mafunzo, nikarudi na kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ukishuka mstari, inasoma mstari. Ukibonyeza herufi, inaitaja. Ukikosea, inakutangazia kosa lako bila aibu. Sauti yenyewe ni ya kiume, kavu, haipumui, na nikaipa jina la Eustace, maana inasoma kama katekista wetu Eustace anavyosoma matangazo ya parokia wakati watu wameshaanza kunyanyuka kwenye mabenchi. Mimi namwendesha Eustace mbio kiasi kwamba mgeni akimsikia anadhani ni bisi zinapasuka kwenye sufuria. Skrini yenyewe huwa naizima kabisa. Ya nini? Inakula betri bure.

Basi siku moja nilikuwa namsikiliza Eustace akisoma habari za mtandaoni, nikaanza kumfuata kwa mdomo. Yeye anatangulia maneno machache, mimi nyuma yake, yeye anasoma kikavu, mimi naongeza pumzi na uhai. Kaka yangu Sylvesta alikuwa nje anafuta pikipiki yake. Akaingia ndani anauliza nani kaleta redio mpya.

"Ni mimi, we mjinga," nikamwambia.

"Weee! Rudia."

Nikarudia. Sylvesta akakaa chini kwenye sakafu, akasema, "Vailet, wewe unapoteza muda na mbaazi." Ndiye aliyenipeleka kwa Bi Wilhelmina.

Bi Wilhelmina ndiye meneja wa redio, mama mmoja aliyehamia hapa kutoka Bukoba, hana maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza nikimfuata Eustace ukurasa mzima. Halafu akasema, "Msomaji wangu wa mchana amehamia Dodoma. Nitakupa taarifa moja, mwanangu. Moja. Ukiisoma vizuri, kiti ni chako. Ukiharibu sitakuwa na jinsi, wasikilizaji hawanisamehe mimi, seuze wewe."

Nilirudi nyumbani naimba. Mama hakuimba.

"Watakucheka," akasema. "Mkoa mzima, Vailet. Huko hewani mtu akijikwaa hakuna wa kumshika mkono."

"Basi nijikwae! Wanaoona hawajikwai?"

"Na ukishindwa?"

Hapo hasira zikanipanda, na mimi nikiwa na hasira huwa naahidi vitu. "Nikishindwa nitarudi kwenye ungo, nichambue mbaazi mpaka nizeeke, na neno redio hutalisikia tena mdomoni kwangu. Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema mama, na ubaya wa mama yangu ni kwamba neno akilishika, ameshika. Asubuhi ya siku yenyewe alinifunga kitambaa kichwani vizuri, akanipaka mafuta mikononi kama mtoto wa komunyo ya kwanza, halafu akatangaza kwamba yeye anakwenda shambani, hasikilizi redio, moyo wake hauwezi. Nikapanda pikipiki ya Sylvesta nikiwa nimekasirika na nimefurahi. Akanishusha mlangoni kwa redio, akarudi nyumbani kunisikiliza.

Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nafungua na kufunga kompyuta pale kwenye benchi.

Mlango ukafunguka, akatoka Cornel. Huyu ndiye mhariri wa habari, na kwa kuwa redio yetu ni ndogo ndiye pia anayeendesha mitambo. Kijana mkarimu, ana sauti ya kutabasamu.

"Dada Vailet, mambo! Nimekuandalia habari zako spesho kabisa. Nimezikuza herufi, kubwa kama za bango la harusi. Halafu ili zisije zikahamahama nikazipiga picha. Picha safi! Ipo kwenye flashi hii."

Nikamgeuzia uso. "Kaka Cornel. Umezipiga picha?"

"Kwa ajili yako!"

Nikachomeka flashi, nikafungua. Eustace akasema neno moja: "Picha." Nikashuka chini. "Picha." Nikapanda juu. Kimya. Eustace anasoma maandishi, hasomi picha. Kwake picha ya habari na picha ya mbuzi ni kitu kimoja.

"Kaka Cornel," nikasema, na hapo nilikuwa najizuia kweli kweli, "hata ungeziandika herufi zikalingana na mlima Kwaraa, mimi si-o-ni. Anayesoma ni huyu, na huyu hana habari na ukubwa wa herufi. Anataka maandishi yale yale uliyochapa kabla hujanitendea wema!"

"Mungu wangu," akasema Cornel. Nikasikia anajipiga kofi la paji la uso. "Ninayo kwenye simu. Una WhatsApp kwenye kompyuta?"

"Ninayo."

"Ifungue! Natuma!"

Nikaifungua. Intaneti nayo, mnaijua ya kwetu upepo ukianza kuvuma. Ikazunguka. Cornel akanishika kiwiko akaniingiza studio huku anapuliza simu yake, sijui kupuliza kunasaidia nini. Nikakaa kwenye kiti chenyewe. Kiti kina mkono mmoja uliolegea, nakumbuka nilivyoushika, nikawaza, Ee Mungu, nipe hiki kiti kibovu, sitakuomba kingine. Sikio la kulia nikaweka kisikilizio cha studio ili nijisikie mwenyewe. Sikio la kushoto, Eustace. Wanaoona huangalia taa nyekundu wajue wako hewani, mimi tulikubaliana na Cornel atanigusa bega.

Muziki wa taarifa ya habari ukaanza. Eustace kimya.

"Imefika?" akanong'ona Cornel.

"Bado!"

"Ongea chochote nikikugusa, salimia watu!"

Na hapo hapo, muziki ukiwa unaishia, Eustace akasema sikioni: "Cornel. Habari za saa saba mchana." Sijawahi kumpenda mwanaume kama nilivyompenda Eustace dakika ile! Nikabonyeza, nikampunguza mwendo mpaka wa binadamu, bega likaguswa.

"Hii ni taarifa ya habari ya saa saba mchana," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kwenye sikio la kulia, pana, tulivu, sauti ya mtu ambaye hana wasiwasi na lolote. Nani huyo? Ni mimi!

Habari ya kwanza ilikuwa ya mbolea ya ruzuku kuanza kugawiwa. Eustace mbele, mimi nyuma. Habari ya pili, barabara ya Bonga kufungwa kwa matengenezo. Tulikuwa tunakwenda kama wachezaji wawili waliozoeana, yeye anaweka mguu, mimi nakanyaga palepale. Ukisoma hivyo kuna hali inakuja, kichwa kinatulia kabisa, neno linaingia kushoto linatokea mdomoni bila kukuomba ruhusa. Nilikuwa nafurahi mpaka vidole vya miguu. Cornel akanigusa kiwiko kidogo, maana yake vizuri, endelea.

Habari ya tatu ilikuwa ya kiboko.

"Wakazi wa kata ya Nangara," nikasoma, "wametakiwa kuchukua tahadhari baada ya kiboko kuonekana alfajiri kwenye bustani za mboga. Mashuhuda wamesema kiboko huyo alikula kabichi, akakanyaga matuta ya vitunguu, na kisha, Sylvesta, mama katoka na redio mpaka barabarani anaita majirani wote analia anasema huyo ni mwanangu huyo."

Nikanyamaza.

Nilikuwa nimesikia neno "mwanangu" kwa sauti yangu mwenyewe kwenye sikio la kulia, ndipo nikaelewa. WhatsApp! Nilikuwa sijaifunga. Ujumbe wa Sylvesta umeingia, Eustace akakatiza habari ya kiboko akausoma, maana kwake ujumbe ni ujumbe. Na mimi mdomo wangu ulikuwa umeshakabidhiwa kwake. Nimeusoma hewani. Mkoa mzima!

Kimya cha redio si kama kimya kingine. Nikamfikiria Bi Wilhelmina ofisini kwake. Nikafikiria ungo. Halafu likanijia lile lililokuwa ndani ya ujumbe wenyewe, maana nilikuwa nimelisoma bila kulisikia: mama yuko barabarani. Mama aliyesema yuko shambani, hasikilizi! Yuko barabarani, na redio mkononi, anaita watu!

Na maji yalikuwa yameshamwagika, nikaona bora nioge.

"Wasikilizaji," nikasema, "hiyo haikuwa habari ya kiboko." Nikamsikia Cornel anaguna kama mtu aliyekanyagwa. "Mimi sioni. Husoma kwa masikio, kuna sauti ya kompyuta inanisomea sikio la kushoto, na kaka yangu ametuma ujumbe katikati ya kazi. Namwomba Sylvesta wa Singe asiandike tena mpaka nimalize. Sasa turudi Nangara."

Nikiwa nasema hayo vidole vilikuwa vinatafuta. Nikafunga WhatsApp? Thubutu! Habari zenyewe zilikuwa humo humo. Nikashuka mstari, Eustace akasema mambo ya mbolea. Siyo. Nikashuka. Bonga. Siyo! Nikashuka tena, "kabichi," akasema, na nikamrukia kama mtu anayedandia gari linaloondoka. Nikamaliza kiboko, nikasoma habari ya mnada wa mifugo, nikasoma michezo, nikasoma hali ya hewa, na neno la mwisho likatoka bila kutetemeka. Cornel akapandisha muziki.

Nikaondoa vitu masikioni. Kiti kilikuwa kimeloa jasho langu.

"Dada Vailet," akasema Cornel taratibu, "kosa ni langu. Mimi na picha yangu."

"Ni lako ndiyo," nikamwambia, maana lilikuwa lake, lakini kukubaliana naye hakukunisaidia chochote.

Mlango ukafunguka. Viatu vya Bi Wilhelmina unavijua, vinapiga sakafu kama karani anayegonga muhuri. Akasimama. Nikasimama na mimi.

"Umesoma hewani ujumbe ambao haujahaririwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kuhusu mama yako mzazi."

"Ndiyo, mama."

"Katikati ya kiboko."

Nilisikia pumzi zake zinakwenda ovyo kidogo, nikadhani ni hasira. Sikujua bado kwamba alikuwa anajizuia asicheke.

Kabla hajasema la nne, simu ya studio ikalia. Cornel akaipokea. "Redio, habari za mchana... Naam?... Shikamoo mama... Ndiyo, yupo... Hapana mama, hatukukusudia... Ngoja, ngoja mama, nakuweka kwenye spika, meneja yupo hapa."

Na sauti ikajaa chumba, kali, yenye lafudhi ya Mbulu ambayo ningeitambua hata kaburini.

"Nani mkubwa hapo?"

"Mimi, Wilhelmina, mama yangu. Karibu."

"Mimi ni Gaudiosa wa Singe. Nimetangazwa kwenye redio yenu kwamba nalia. Mimi sikulia! Nimesimama barabarani, watu wote wananitazama, redio inasema huyu mama analia! Nani alikuja hapa kunitazama? Mnanijua? Mimi nililia lini? Nataka mseme tena. Mseme sikulia."

Nyuma yake nilimsikia Sylvesta: "Mama, ulilia." Mama akamjibu kwa Kiiraqw maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Na hayo mengine yaliyosemwa, mama?" akauliza Bi Wilhelmina. "Kwamba ulikuwa unawaambia watu ni mwanao?"

Nilisikia upepo wa barabarani, na kuku wa mtu, na watu wengi, jamani, watu wengi wamemzunguka.

"Hilo liacheni," akasema mama. "Hilo ni kweli."

Akakata simu.

Nikakaa tena kwenye kile kiti bila kukaribishwa. Cornel naye alikuwa anapenga kamasi, akasingizia vumbi la mitambo.

Bi Wilhelmina akakohoa. "Cornel, hapa redioni kosa likisomwa hewani, utaratibu wetu ni upi?"

"Linasahihishwa kwenye taarifa inayofuata, madam."

"Na anayesoma masahihisho?"

"Yule yule aliyesoma kosa."

"Basi." Viatu vikageuka kuelekea mlangoni. "Taarifa inayofuata ni saa kumi jioni. Vailet, ule chakula kwanza, hujala wewe. Na kesho saa saba usichelewe, kabla ya kuingia humu hiyo WhatsApp niikute imezimwa. Cornel, na wewe ukimpigia tena mtu picha nitakupiga picha wewe."

Nilipiga kelele. Sina namna nyingine ya kuliandika, nilipiga kelele za mnadani, na Cornel akapiga na yeye, na Bi Wilhelmina kule koridoni hatimaye akaachia kile kicheko alichokuwa amekibana. Nikamkumbatia Cornel, tukagonga maikrofoni, tukaulizana haraka kama imezimwa. Ilikuwa imezimwa, asante Mungu.

Tuliandika masahihisho pamoja, mimi nikichapa, Eustace akinirudia kila herufi. Tulibishana neno moja tu. Mimi nilitaka kuandika kwamba mama hakulia. Cornel akakataa, akasema mhariri haandiki asichokiona, na Sylvesta ni shahidi. Tukaandika "amekanusha."

Saa kumi bega likaguswa. Nikasoma habari zote, taratibu, za kiboko pia, maana alikuwa amerudi ziwani mwenyewe. Mwishoni Eustace akaanza, na mimi nyuma yake.

"Masahihisho. Katika taarifa yetu ya saa saba mchana, tulisema kwamba Bi Gaudiosa, mkazi wa Singe, alikuwa barabarani na redio akilia. Bi Gaudiosa amekanusha. Amesema hakulia. Hata hivyo, amethibitisha kwamba msomaji wa taarifa ile ni mwanawe."

Eustace akanyamaza, hakuwa na zaidi. Hapakuwa na neno lolote sikio la kushoto. Nikaongeza la kwangu.

"Msomaji ni mimi. Naitwa Vailet Amnaay."